Mgeni na Jembe: Lugha katika Historia ya Misheni Mkoani Mara

Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, aghalabu huelezwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Hata hivyo yaweza kufasiriwa kwa njia nyingine, kwamba jembe ndilo limtoalo mtu katika ugeni. Ashikapo jembe huujua udongo wa wenyeji wake, huuliza jina la mbegu na jina la magugu, na katika kuuliza huko huanza kusema nao. Katika historia ya misheni za Kikristo mkoani Mara, yaani Musoma, Bunda, Butiama na nchi zilizo jirani, jembe hilo lilikuwa ni lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi wageni wa zamani walivyolipokea, jinsi walivyoliweka chini mapema kuliko inavyodhaniwa, na yatokeayo leo, ambapo wageni wengi hukaa siku zisizotosha hata kulishika.

Mara ni nchi ya lugha nyingi katika eneo dogo. Zahesabiwa kuwa zaidi ya 10. Kandokando ya ziwa, kusini mwa Musoma, husemwa Kijita, Kikwaya na Kiruri. Bara, kuzunguka Butiama, husemwa Kizanaki. Upande wa Bunda hukutana Kiikizu, Kishashi, Kijita na Kisukuma. Kaskazini mwa mto Mara wapo Wakuria na Wasimbiti, na huko Shirati, karibu na mpaka wa Kenya, wapo Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Hata zile za Kibantu zatofautiana sana katika sauti zake. Kijita na Kikwaya zina irabu 5 kama Kiswahili, hali Kizanaki, Kiikizu na Kikuria zina irabu 7, na juu ya hayo zote zina toni. Kwa hiyo mtu aandikaye Kizanaki kwa tahajia ya Kiswahili pasipo nyongeza yoyote huyafanya kuwa neno moja maneno ambayo msemaji mwenyewe hayachanganyi kamwe. Mgeni aliyetaka kusema na watu wa nchi hii hakuwa na kazi nyepesi.

Wa kwanza kujenga kituo cha kudumu cha Kikatoliki karibu na Musoma walikuwa Mapadre Weupe, walioanzisha misheni ya Nyegina katika mwaka wa 1911. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka wa 1868, naye aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha ya wenyeji na kuisema hata baina yao wenyewe. Agizo hilo halikuwa la adabu tu. Padre asiyejua lugha hakuweza kusikia maungamo, na padre asiyesikia maungamo kazi yake ilikuwa nusu. Katika mwaka wa 1946 wakaja Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na Musoma ikawa jimbo kamili mwaka wa 1957.

Kwa upande wa Waprotestanti, Wasabato kutoka Ujerumani walikuwa wameanza kazi pande za Majita na Shirati kabla ya vita vya 1914. Baadaye, katika mwaka wa 1934, wakafika Wamennonite kutoka Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer na mkewe Elizabeth pamoja na John Mosemann na mkewe Ruth. Reli ilikuwa imekwisha kufika Mwanza tangu mwaka wa 1928, lakini safari kutoka Marekani ilikuwa bado ni ya majuma mengi, na mtu aliyesafiri hivyo hakuja kwa siku 10. Walianza Shirati kwa Wajaluo, na kabla ya mwaka wa 1940 walikuwa na vituo Bukiroba, Mugango na Bumangi. Itazamwe orodha hiyo kwa jicho la mwanaisimu: karibu kila kituo kilikuwa katika lugha nyingine. Mmisionari aliyehamishwa kutoka Shirati kwenda Bumangi, katika nchi ya Wazanaki, alilazimika kuwa mwanafunzi tena.

Neno hilo la mwanafunzi ndilo lenye uzito. Vitabu vingi vya historia ya misheni humwonyesha mmisionari kuwa mwalimu na mwenyeji kuwa mwanafunzi. Katika shughuli ya lugha mambo yalikuwa kinyume. Mgeni aliketi chini, akakosea, akachekwa, akasahihishwa. Na aliyemsahihisha mara nyingi alikuwa kijana wa kijijini, au mama aliyeuza samaki, au katekista ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kwa saa hizo chache za kila siku mwenye elimu alikuwa ni mwenyeji.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa mwaka wa 1955. Kambarage, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka wa 1922. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934, na mwaka wa 1943 akabatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Alisoma Makerere na Edinburgh, akawa mwalimu Pugu, na mwaka wa 1954 akachaguliwa kuwa rais wa TANU. Mwezi Machi 1955, baada ya kusema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, alijiuzulu ualimu akarudi kwao. Hakuwa na mshahara. Katika miezi iliyofuata aliwafundisha Kizanaki Mapadre wa Maryknoll, miongoni mwao Padre Arthur Wille, akawasaidia na kazi ya tafsiri, hata mwezi Oktoba aliporejea Dar es Salaam katika siasa. Hivyo mtu aliyekuwa karibu kuiongoza nchi nzima alikuwa kwanza mwalimu wa lugha ya mama yake kwa wageni waliokuja kuwafundisha watu wake.

Faida ya kujifunza kwa namna hiyo haikuwa msamiati peke yake. Eugene Nida, mwanaisimu wa Chama cha Biblia cha Marekani, alitoa mfano wa Wazanaki katika kitabu chake cha mwaka wa 1952. Palikuwa na shida ya kufasiri mahali pale katika Ufunuo ambapo Kristo asimama mlangoni akigonga. Kwa Wazanaki, agongaye mlango ni mwizi: hugonga apate kujua kama ndani mna mtu, na asikiapo mwendo hutoweka gizani. Mtu mwema huita kwa sauti, ili mwenye nyumba amtambue. Mfasiri aliyefuata neno la asili bila ya kujua desturi angalimfanya Bwana wake kuwa mwizi. Ilipasa kusema kwamba asimama mlangoni akiita. Waswahili hawana haja ya kufundishwa jambo hili, maana hodi yao ni ya sauti pia. Na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952 walipotumia kitenzi kubisha walichukua neno ambalo tayari lina hodi ndani yake. Lakini tofauti hiyo ya kugonga na kuita haimo katika kamusi yoyote ambayo mgeni angeweza kuja nayo kutoka kwao. Ilipatikana kwa kukaa.

Haifai, hata hivyo, kuwasifu wageni wa zamani kupita kiasi. Wengi wao waliliweka jembe chini walipofika kwenye Kiswahili. Sababu yaeleweka. Kanisa lenye vituo katika lugha nne au tano lilihitaji lugha moja ya mikutano, ya shule na ya nyimbo, na Kiswahili kilikuwapo, chenye Biblia na vitabu, na chenye kuungwa mkono na serikali. Tena kilikuwa na faida isiyo ndogo: hakikuwa lugha ya mama ya mzungu wala ya Mjaluo wala ya Mzanaki, na kila mtu alipaswa kukiendea. Uamsho ulipoanza Shirati mwaka wa 1942, wamisionari na Waafrika walisimama wakaungamana makosa yao, na toba ya namna hiyo haiwezekani ila kwa lugha iliyo ya wote. Kanisa hilo la Mennonite lilipompata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekiah Kisare, mwaka wa 1967, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha yake ya kawaida. Huko Makoko, kando ya ziwa mjini Musoma, Maryknoll walifungua shule ya lugha ambamo wamisionari wa mashirika mbalimbali walikaa miezi wakijifunza. Lugha waliyofundishwa ilikuwa Kiswahili.

Mwenyewe Nyerere alikwenda njia hiyohiyo. Aliyefundisha Kizanaki mwaka wa 1955 ndiye aliyekipa Kiswahili heshima ya lugha ya taifa, akafasiri tamthilia za Shakespeare, na katika uzee wake akaziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka wa 1996. Alizikwa Butiama mwaka wa 1999. Kazi ya kuzipatia lugha ndogo za Mara tahajia yenye kutosha irabu zake zote, na kufasiri Biblia katika kadhaa miongoni mwake kwa pamoja, ilianzishwa mjini Musoma na shirika la SIL mwaka wa 2006 tu, yaani takriban miaka 100 baada ya misheni za kwanza.

Wakati huohuo ulikuwa umekwisha kuanza ugeni wa namna nyingine. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 makanisa ya Marekani na Ulaya yamezoea kupeleka waumini wao ng'ambo kwa siku 10 au majuma mawili. Robert Wuthnow, mtaalamu wa elimu ya jamii, alikadiria katika kitabu cha mwaka wa 2009 kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 hufanya safari za namna hiyo kila mwaka. Wale wajao Mara waweza kushuka kwa ndege Mwanza, wakapita Magu, Lamadi na Bunda kwa barabara ya lami, wakafika Musoma siku hiyohiyo. Hupaka rangi darasa, hupima macho, hufundisha watoto nyimbo, huhubiri Jumapili, huzuru kaburi la Mwalimu huko Butiama, kisha hurudi. Hapana sababu ya kuwadharau: darasa lililopakwa rangi ni darasa lililopakwa rangi, na miwani humsaidia mzee asome. Ila siku ya tatu hupita bila ya jembe, maana kabla hawajajua kuitikia salamu huwa wamekwisha kufunga mizigo.

Mzigo waliouacha huchukuliwa na mkalimani, na hapa ndipo penye jambo ambalo historia ya misheni haijalitazama vya kutosha. Kijana wa miaka 20 asimamapo mbele ya wazee akawasalimu kwa neno jepesi la kwao, mkalimani hutia shikamooni ambayo haikusemwa. Mgeni akitaja umaskini wa wenyeji mbele ya wenyeji wenyewe, mkalimani hulipunguza neno hilo makali, au huliruka. Na mzee ajibupo kwa methali na kisa, mgeni hupata sentensi moja ya shukrani. Kijijini, ambako wazee huona raha zaidi katika Kizanaki au Kiikizu, penginepo hotuba huvuka mara mbili, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi lugha ya mahali, na kila kivuko huacha kitu majini. Pande zote mbili huagana kwa furaha, kila mmoja akidhani amemsikia mwenzake, hali aliyesikika zaidi ni mkalimani.

Madhara yake ni kwamba uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi umegeuka. Mmisionari wa mwaka wa 1934 au 1955, kwa makosa yake yote, alimhitaji mwenyeji awe mwalimu wake; bila yeye hakuweza kuomba maji. Mgeni wa majuma mawili hamhitaji mwenyeji ila awe mpokeaji. Hakosei lugha, kwa sababu haisemi, hachekwi, hasahihishwi. Amekoswa na saa zile za unyenyekevu ambazo zamani ndizo zilizomfundisha mgeni kwamba watu aliowajia walikuwa na elimu yao. Na mwenyeji naye amenyimwa nafasi ya kutoa kitu, ambayo ni heshima ya kila mwenye nyumba.

Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya ugeni wa zamani na wa leo si urefu wa kukaa peke yake, bali ni nani amfundishaye mwenzake. Jambo hilo laweza kurekebishwa hata katika majuma mawili. Asubuhi za kwanza zingetumiwa kujifunza salamu na maamkizi kwa mwalimu wa hapohapo, naye alipwe kama walivyolipwa walimu wa zamani. Jina la mkalimani lingeandikwa katika taarifa ya safari kama linavyoandikwa jina la mhubiri. Na vikundi vyenye fedha za kupaka rangi darasa moja vingeweza kugharimia uchapaji wa kitabu cha kusomea cha Kizanaki au Kiikizu chenye irabu zote 7. Wazanaki wa kale hawakumfungulia mtu kwa sababu amegonga kwa nguvu. Walimfungulia kwa sababu wameitambua sauti yake. Na sauti haitambuliki mpaka iwe imekwisha kusikika mara nyingi, ikikosea na kusahihishwa, katika lugha ya walio ndani.