Soul Train na Bendi za Wamarekani Weusi

Katika zama ambazo sauti ya mwimbaji mweusi wa Marekani iliweza kuujaza mji mzima kwa njia ya redio, na uso wake usijulikane ila na wachache waliolipa kiingilio cha ukumbi, alitokea huko Chicago msomaji wa habari wa stesheni ya WVON, Don Cornelius, mtu aliyewahi kuuza bima na kuvaa sare za polisi, ambaye alikuwa na desturi ya kuwakusanya waimbaji na kuwazungusha katika shule za sekondari za mji ule, na msafara huo akaupa jina la Soul Train.

Msafara uligeuka kipindi cha televisheni tarehe 17 Agosti 1970, katika stesheni ndogo ya WCIU, ghorofa ya 43 ya jengo la Board of Trade. Chumba kilikuwa finyu, picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na vijana waliotoka shuleni walibanana mbele ya kamera wakicheza. Lakini siku ile ya kwanza walifika Jerry Butler, Chi-Lites na Emotions, nyota wa mji wenyewe. George Johnson, mweusi mwenye kiwanda cha mafuta ya nywele papo hapo Chicago, akakubali kukidhamini, na tarehe 2 Oktoba 1971 kipindi kikaanza kuenezwa nchini kutoka Los Angeles, ijapokuwa miji iliyokipokea mwanzoni haikufika kumi.

Nionavyo mimi, nguvu ya kipindi hiki haikuwa katika kuwaonyesha waimbaji peke yao, kwani aghalabu bendi zilizofika pale hazikupiga kwa hakika: santuri ilizungushwa, nao wakaifuatisha kwa midomo, isipokuwa wakuu wachache mfano wa James Brown, aliyekuja na bendi yake na kupiga waziwazi. Nguvu ilikuwa kwa wacheza dansi. Vijana hao, ambao ujira wao ulikuwa kuku wa kukaanga na soda, walijipanga safu mbili zikitazamana, wakaacha njia katikati, na wawili wawili wakaipita kila mmoja kwa madaha yake. Hivyo mtazamaji aliyeketi nyumbani kwao Atlanta au Houston, pamoja na kuusikia wimbo mpya, aliona unavyochezwa, nguo zinazovaliwa na wanaoupenda, na kwamba wanaoupenda ni watu wa rika lake na rangi yake.

Waliofaidi hilo ni wengi, ila kisa cha Jackson 5 ndicho kinachonikaa moyoni. Mwishoni mwa mwaka 1973 nyota yao ilikuwa imeanza kufifia, na wimbo wao Dancing Machine ulikuwa umejificha ndani ya albamu. Walipouimba katika Soul Train, Michael, wakati ule mwenye umri wa miaka 15, aliacha kuimba akaanza kwenda kwa viungo vilivyokakamaa, shingo imenyooka, mikono ikikatikia kwenye viwiko, mchezo uliokwisha zoeleka mitaani na kuitwa roboti. Mwaka 1974 wimbo huo ulitolewa peke yake, ukapanda hadi nafasi ya 2 katika orodha ya Billboard.

Fauka ya hayo, safu zile za wacheza dansi zilizaa bendi. Santuri ya kwanza ya Shalamar, ya mwaka 1977, iliimbwa na waimbaji wa kukodiwa. Ilipopendwa, Cornelius na mshirika wake Dick Griffey wakatafuta watu wa kulibeba jina hilo, na miongoni mwao wakawachagua Jody Watley na Jeffrey Daniel, wachezaji wa kipindi chenyewe. Mwaka 1982 Daniel aliteleza kinyumenyume mbele ya kamera za kipindi cha Top of the Pops cha BBC, Waingereza wakastaajabu, na wimbo wa Shalamar, A Night to Remember, ukafika nafasi ya 5 kwao, ilhali katika orodha kuu ya Marekani haukuingia hata 40 bora.

Cornelius alikiongoza kipindi hadi 1993, nacho kikaendelea hadi 2006.

Huku kwetu Tanzania mambo yalikwenda njia nyingine. Dar es Salaam iliupiga marufuku muziki wa soul mwezi wa Novemba 1969. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi 1994, kwa hiyo bendi zetu za dansi zilijenga majina yao kwa Radio Tanzania na kwa kumbi. Leo vituo vya televisheni ni tele, na bendi zinazopiga ala kwa mikono zinaonekana humo kwa nadra. Nawasihi wenye vituo hivyo wazitengee bendi hizo saa moja ya Jumamosi, kila juma na kwa wakati usiobadilika, na wawafungulie mlango wa studio vijana wanaojua kucheza, maana pasipo hao kazi itakuwa nusu.