Hofu ya Tumbo Chafu na Biashara Iliyoifuata

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 K.K., alisimulia kwamba Wamisri walijisafisha tumbo siku tatu mfululizo kila mwezi, kwa dawa za kutapisha na kwa kuingiza maji kwa njia ya haja kubwa. Waliamini maradhi yote huletwa na chakula. Hata wakati huo dawa zenyewe zilikuwa kongwe: hati ya mafunjo ya Ebers, ya mwaka 1550 K.K. hivi, inamwelekeza aliyefunga choo atafune mbegu chache za mbarika pamoja na bia.

Baadaye orodha ilirefuka. Matabibu wa Kiarabu waliingiza sanamaki katika tiba, nayo ikasambaa hadi Ulaya. Mwaka 1618, huko Epsom, Uingereza, ikajulikana chemchemi ya maji machungu yanayoendesha tumbo. Chumvi yake ndiyo hii tunayoiita haluli.

Hofu ilipata nguvu mpya kutoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 1887 Charles Bouchard wa Paris alieneza hoja kwamba mabaki yanayooza tumboni hutoa sumu inayopenya hadi kwenye damu. Jijini London, daktari mpasuaji Sir William Arbuthnot Lane akaenda mbali zaidi, akawa anawaondolea wagonjwa utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo tu. Baadhi yao hawakupona. Nchini Marekani, John Harvey Kellogg wa Battle Creek aliwapa wagonjwa wake mtindi: nusu wanywe, nusu waingiziwe kwa nyuma.

Nadharia hiyo iliangushwa na pamba. Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez alisema kichwa kuuma na uchovu wa aliyefunga choo hutokana na utumbo kutanuka, wala si sumu. Mwaka 1922 mtafiti Arthur Donaldson akawajaza watu pamba sehemu ya mwisho ya utumbo. Dalili zilezile zikajitokeza, na pamba ilipotolewa zikatoweka upesi. Pamba haina sumu, na sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu haiondoki kwa kasi hiyo.

Wenye maduka hawakutetereka. Tangu 1906 Max Kiss, mfamasia mzaliwa wa Hungaria, alikuwa akiuza Ex-Lax jijini New York, dawa ya kuharisha yenye fenolftaleini na ladha ya chokoleti. Dawa za namna hii hujitafutia wateja: anayeharisha leo hana cha kutoa kesho wala keshokutwa, hudhani amefunga choo, humeza tena. Mwaka 1999 Marekani ilipiga marufuku fenolftaleini katika dawa hizo, baada ya majaribio kwa wanyama kuzua shaka ya saratani. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kuwa enema (dawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) na dawa nyingine za fosfeti zisitumiwe zaidi ya mara moja kwa saa 24, kwa kuwa baadhi ya watu walidhurika figo na moyo, na wengine walifariki.

Kuuosha utumbo wote kuna mahali pake: kabla daktari hajaingiza kamera kuuchunguza, na kwa dawa anayoiagiza yeye. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwenda haja kubwa kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki ni kawaida. Choo kikibadilika ghafla, au kikitoka na damu, aende hospitali kupimwa badala ya kuongeza haluli.