Proksi ni Nini? Kuediti 4K na Mashine Imechoka

Umeshuti harusi kwa 4K, lakini kompyuta inakwamakwama kila ukicheza klipu. Usikimbilie mkopo bado, msee. Fremu ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, mara 9 ya fremu ya 1280 kwa 720.

Proksi ni nakala nyepesi ya klipu zako. Unakata nazo, halafu ukitoa video programu inarudia orijino yenyewe. DaVinci Resolve inazitengeneza hata kwa toleo la bure.

Ngori ni kwamba zinakula nafasi ya diski. Wengine hufuta orijino ndio zitoshee. Hapo umejimaliza, juu harusi ya wenyewe hairudiwi. Ukicheki fokasi ama rangi, rudi kwa orijino. Proksi huficha ukungu.