Giaboksi ya trekta

Giaboksi ya trekta hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na uchaguzi wake hutegemea kazi inayokula saa nyingi. Shambani, giaboksi ya meno hushinda: chuma husukuma chuma, na nguvu kidogo tu hupotea. Ile ya haidroliki, ambayo pampu yake husukuma mafuta yazungushe mota, hupoteza nguvu zaidi kwa joto. Kwa hiyo plau ikizama, dizeli yake huisha upesi. Lakini trekta lenye ndoo ya kupakia huenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima. Hapo klachi ya giaboksi ya meno ndiyo huumia (na goti la dereva pia), na kanyagio la haidroliki hustahili hasara yake. Anayedai kwamba giaboksi ya Fendt Vario, iliyounganisha njia zote mbili miaka ya 1990, ilimaliza ubishi huu, amesahau bei na fundi.