Lipoprotini na hatari ya damu kuganda moyoni

MAFUTA na maji hayachanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa sababu hiyo ini na utumbo huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo mno vyenye ganda la protini ili yaweze kusafiri mwilini. Vifurushi hivyo ndivyo viitwavyo lipoprotini.

Inayojulikana zaidi ni LDL, ambayo wengi huiita lehemu mbaya. Ikizidi, hupenya ukuta wa ateri na kurundikana humo. Chembe nyeupe za damu huimeza hadi zikavimba kwa mafuta, na baada ya miaka mingi ukuta hufanya uvimbe. HDL nayo hurudisha lehemu kwenye ini, ingawa sifa zake huenda zimetiwa chumvi: dawa ya torcetrapib iliyoipandisha ilisitishwa mwaka wa 2006 kwa kuwa vifo viliongezeka miongoni mwa walioitumia.

Wengi hudhani mshipa huziba polepole kama bomba la jikoni. Mara nyingi sivyo. Uvimbe hupasuka ghafla, damu huganda juu ya jeraha hilo, na donge hilo huziba njia kwa muda mfupi. Likiwa moyoni huleta mshtuko wa moyo. Likiwa kwenye ubongo, kiharusi.

Hapa ndipo inapoingia lipoprotini isiyotajwa sana, Lp(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norway mwaka wa 1963. Inafanana na LDL, ila imeshikamanishwa na protini nyingine ya ziada. Mwaka wa 1987 watafiti walibaini kwamba protini hiyo inashabihiana mno na plasminojeni, ambayo mwili huitumia kuyeyusha madonge ya damu. Ni mfano wa mtu aliyevaa sare ya polisi ilhali si polisi. Katika maabara huizuia plasminojeni kufanya kazi yake, japo wataalamu wangali wanajadiliana ni kwa kiasi gani jambo hilo hutokea ndani ya mwili. Kwamba Lp(a) nyingi huzidisha maradhi ya moyo, hilo halina ubishi.

Kiwango chake hurithiwa, na lishe au mazoezi hayakibadilishi sana. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, huwa nacho juu kuliko Wazungu. Kipimo cha kawaida cha lehemu hakikionyeshi. Sharti kiombwe peke yake. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka wa 2019 ulipendekeza kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Kinachozidi miligramu 50 kwa desilita huhesabiwa kuwa cha hatari.

Dawa za statini hushusha LDL lakini haziipunguzi Lp(a). Hata hivyo, aliye nayo nyingi hunufaika kwa kushusha LDL, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, na kuacha sigara. Aspirini asiimeze kila siku bila ushauri wa daktari, kwani huweza kusababisha kuvuja damu tumboni.