Injini iliyokwama: Kagua kabla ya kununua nyingine

Stata ikigonga mara moja na kunyamaza, wengi hudhani injini imekufa. Betri na nyaya zake zikaguliwe kwanza. Kisha plagi zote zitolewe, na bolti kubwa ya puli ya injini izungushwe kwa spana. Ikizunguka na maji yakaruka kupitia matundu ya plagi, kilichoikwamisha ni maji silindani. Kuilazimisha kwa stata, au kusukuma gari likiwa kwenye gia, hupinda fito za pistoni.

Gari lililoegeshwa miezi mingi katika unyevu wa Pwani hushikwa na kutu. Oili nyepesi imiminwe silindani, iachwe siku moja au mbili, kisha bolti isukumwe taratibu, mbele na nyuma. Iliyokwama safarini kwa kukosa oili, aghalabu beringi zake zimeungua, na hiyo haina budi kufunguliwa.