Maya Plisetskaya: Mkono Usiokatika

Miaka ya 1950, mgeni wa heshima alipofika Moscow, jioni moja ya ziara yake ilijulikana mapema. Angepelekwa jumba la maonyesho la Bolshoi kutazama Ziwa la Batamaji, baleti ya Tchaikovsky kuhusu binti aliyerogwa akawa ndege wa majini. Mao wa China, Tito wa Yugoslavia na Nehru wa India ni miongoni mwa waliopelekwa. Aliyewachezea ni Maya Plisetskaya, ambaye baba yake aliuawa na dola hilohilo la Kisovieti lililojivunia kumwonyesha.

Alizaliwa Moscow tarehe 20 Novemba 1925. Baba yake, Mikhail, alisimamia migodi ya makaa ya mawe katika kisiwa cha Spitsbergen. Mama yake, Rakhil Messerer, aliigiza filamu zisizo na sauti. Mwaka 1937 baba alikamatwa, na Januari 1938 akapigwa risasi. Mama naye alipelekwa kambini Kazakhstan pamoja na mtoto wake mchanga. Maya akalelewa na mama yake mdogo, Sulamith Messerer, mchezaji wa Bolshoi, na mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, akaingia jumba hilo mwenyewe.

Galina Ulanova, nyota aliyemtangulia, alipendwa kwa upole wake. Plisetskaya alikuwa moto: aliruka juu, akapinda mgongo kama upinde. Lakini ufundi wake mkubwa ulikaa mikononi. Wimbi lilianzia begani, likapita kiwiko na kifundo hadi ncha za vidole, kana kwamba ndani hamna mfupa. Aliicheza Ziwa la Batamaji zaidi ya mara 800, na katika pazia la pili alitoka jukwaani akiwapa watazamaji mgongo, mabawa yakiendelea kupiga.

Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Dola lilimhitaji, lakini halikumwamini. Bolshoi ilipokwenda London mwaka 1956, yeye aliachwa nyumbani, na makachero wakawa wakimfuata. Ni mwaka 1959 tu, baada ya kumwandikia barua kiongozi wa nchi, Khrushchev, aliporuhusiwa kwenda Marekani na wenzake. Mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Lenin.

Busu hilo halikumtuliza. Mwaka 1967 alimwita mtunzi wa baleti Alberto Alonso kutoka Kuba amtungie Carmen. Mumewe, Rodion Shchedrin, akausuka upya muziki wa opera ya Bizet kwa ala za nyuzi na za kupigwa tu. Waziri wa Utamaduni, Yekaterina Furtseva, alichukizwa na Carmen, mwanamke aliyejitwalia mapenzi na kifo chake bila kuomba ruhusa. Alitaka onyesho la pili lifutwe. Plisetskaya hakurudi nyuma, na Carmen ikawa jina lake la pili. Mwaka 1972 akatunga mwenyewe Anna Karenina, hadithi ya mwanamke mwingine asiyekubali kufungwa.

Katika baleti, miguu ndiyo huzeeka kwanza, na wengi huaga jukwaa kabla ya miaka 45. Plisetskaya aliondoka Bolshoi mwaka 1990, akikaribia miaka 65, na hata hapo hakuacha kucheza. Alipopita miaka 70, mtunzi wa baleti Maurice Béjart alimtungia Ave Maya, mchezo wa mama mzee na vipepeo viwili vya mkononi. Hakukuwa na kuruka tena. Alipofariki Munich tarehe 2 Mei 2015, akiwa na miaka 89, wengi walikumbuka kwanza mikono ile.